Kasi ya mmenyuko au ugumu wa kupenya? Kupima uvunjaji wa mafuta ndani ya zeolaiti, hatua kwa hatua

Namba inayotoka kwenye kinu baada ya kuvunja hidrokaboni juu ya zeolaiti, yaani fuwele zenye vitundu vidogo na vituo vya asidi ndani yake, imebeba mambo mawili kwa pamoja: jinsi vituo vya asidi vinavyofanya kazi, na jinsi molekuli zinavyohangaika kuvifikia na kutoka tena. Ukiiandika kwenye jedwali na kuiita kasi ya kichocheo kabla hujayatenganisha hayo mawili, unaweza kuisifu zeolaiti isiyostahili, au kuitupa iliyo nzuri kwa sababu tu fuwele zake ni kubwa. Jambo hili linanigusa sana, maana matokeo mengi ya vichocheo yanalinganishwa bila mtu kuuliza swali hilo.

Hapa chini nitaonyesha njia ninayoiamini kuliko zote: kupima mmenyuko uleule kwenye fuwele za ukubwa tofauti, halafu kutumia hesabu ya Thiele, inayolinganisha kasi ya mmenyuko na kasi ya kusambaa, kupata kasi halisi na kasi ya kusambaa kwa mkupuo mmoja. Unahitaji kinu kidogo cha bomba, kromatografu ya gesi, sampuli mbili za zeolaiti na lahajedwali ya kawaida kwenye kompyuta.

Hatua ya 1: Linganisha tundu na molekuli

Anza na vipimo, kabla hujawasha tanuri. Zeolaiti ya ZSM-5 ina njia zenye upana wa takriban nanomita 0.55. Zeolaiti Y, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa vichocheo vya kuvunja mafuta, ina madirisha ya nanomita 0.74 yanayofunguka kwenye vyumba vyenye upana wa zaidi ya nanomita 1.

Sasa tazama molekuli. Heksani nyoofu ina kipenyo cha kama nanomita 0.43, kwa hiyo inaingia ZSM-5 bila shida. Ndugu yake 2,2-dimethilibutani ana kaboni sita zilezile na uzito uleule, lakini matawi yake yameisukuma hadi nanomita 0.62. Kwa karatasi tu ungesema haiingii. Inaingia, kwa sababu kwenye joto kali kuta za zeolaiti hutikisika na molekuli nayo hujikunja, ila inaingia kwa taabu.

Mwaka 1981 watafiti Haag, Lago na Weisz walionyesha jambo hili waziwazi kwenye ZSM-5 kwa nyuzi joto 538 za Selsiasi. Heksani nyoofu haikuonyesha kujali ukubwa wa fuwele, ilhali 2,2-dimethilibutani ilivunjika polepole zaidi fuwele zilipokuwa kubwa. Jozi hiyo ya molekuli bado ni ya kujifunzia kuliko zote ninazozijua, na ndiyo nitakayotumia katika mfano wetu. Heksani ni shahidi wako: ikionyesha tofauti kati ya fuwele ndogo na kubwa, basi sampuli zako zinatofautiana kwa jambo jingine mbali na ukubwa.

Hatua ya 2: Tayarisha sampuli mbili zinazotofautiana kwa ukubwa tu

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo usiharakishe. Unataka ZSM-5 mbili zenye uwiano mmoja wa silikoni kwa alumini, moja ya fuwele zenye kipenyo cha mikromita 1, nyingine mikromita 10. Zote zigeuzwe kuwa za asidi kwa utaratibu uleule: badilisha ioni za sodiamu kwa za amoniamu, kisha choma kwa joto lilelile kwa muda uleule. Unyevu ukibaki wakati wa kuchoma, mvuke utang'oa alumini kwenye kuta na vituo vya asidi vitapungua bila wewe kujua. Tandaza unga wako uwe tabaka jembamba, pandisha joto taratibu, na pitisha hewa kavu.

Baadaye hakiki mambo matatu. Kwanza, ukubwa, kwa hadubini ya elektroni. Usitegemee kipimo cha chembe kwa miale ya leza, kwa sababu kipimo hicho husoma rundo la fuwele zilizoshikana kana kwamba ni fuwele moja. Pili, idadi ya vituo vya asidi, kwa kupima amonia inayoachiwa joto likipandishwa. Sampuli mbili zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia kumi hivi, gawanya kila kasi kwa idadi ya vituo vyake kabla ya kulinganisha.

Tatu, mahali alumini ilipo. Fuwele kubwa za ZSM-5 zilizokuzwa kwa kutumia tetrapropilamoniamu mara nyingi huwa na alumini nyingi karibu na uso kuliko katikati. Fuwele ya namna hiyo hudanganya: molekuli haihitaji kusafiri nusu kipenyo kizima ili ikutane na asidi, kwa hiyo kizuizi kitaonekana kidogo kuliko inavyotarajiwa. Ukiweza kupata picha ya mgawanyo wa elementi kwenye fuwele iliyokatwa, ipate.

Hatua ya 3: Panga kinu

Bana unga kwa mashine, uvunje, uchekeche upate chembe za mikromita 150 hadi 250. Pima miligramu 50, changanya na mchanga safi wa kwatzi ili joto lisambae sawasawa, kisha pakia kwenye bomba la kwatzi. Ncha ya kipimajoto iguse kitanda chenyewe. Kuvunja molekuli hufyonza joto, na kitanda kinaweza kuwa baridi kuliko ukuta wa tanuri.

Pitisha naitrojeni kwanza hadi hewa yote itoke. Mvuke wa hidrokaboni ukikutana na hewa ndani ya bomba la nyuzi 538 ni hatari, na gesi zinazotoka lazima zielekezwe kwenye bomba la kutolea nje. Kisha leta mvuke wa 2,2-dimethilibutani kwa kupitisha naitrojeni juu ya kimiminika kilichopoozwa kwa barafu, na uongeze naitrojeni nyingine mbele yake hadi shinikizo la hidrokaboni libaki kilopaskali 1 au 2. Ukolezi mdogo unakupa faida mbili. Mmenyuko unabaki wa daraja la kwanza, yaani kasi yake inafuata ukolezi moja kwa moja, na molekuli moja ikivunjika kuwa mbili haiongezi sana ujazo wa gesi.

Fanya jaribio moja la mchanga mtupu bila zeolaiti. Kwa joto hili kuna molekuli zinazovunjika zenyewe kwa moto, na mchango huo lazima uutoe kwenye hesabu.

Hatua ya 4: Ondoa vizuizi vilivyo nje ya fuwele

Molekuli hupita ngazi tatu kabla ya kufika kwenye asidi: utando wa gesi unaozunguka chembe, mapengo kati ya fuwele ndani ya chembe, na vitundu vya fuwele yenyewe. Tunataka kupima ngazi ya tatu tu.

Ngazi ya kwanza hukaguliwa kwa kuongeza kichocheo maradufu na mtiririko maradufu. Asilimia iliyovunjika isipobadilika, utando wa gesi haukusumbui.

Ngazi ya pili unaweza kuihesabu. Katika mapengo membamba molekuli hugonga kuta kuliko zinavyogongana zenyewe, na kasi ya kusambaa hupatikana kwa D = 97 r √(T/M), ambapo r ni nusu kipenyo cha pengo kwa mita, T ni joto kwa Kelvini na M ni uzito wa molekuli. Tuseme r ni nanomita 30, T ni 811 na M ni 86. Utapata karibu 8.9 × 10⁻⁶ m²/s. Zidisha kwa 0.1 kwa ajili ya nafasi iliyo wazi na mzunguko wa njia, ibaki 8.9 × 10⁻⁷. Kwa chembe yenye nusu kipenyo R cha mikromita 100 na kima cha kasi k cha 13 kwa sekunde (tutakipata hatua ya 7), kR²/D, yaani uwiano wa kasi ya mmenyuko na ya kusambaa, ni kama 0.15. Ni ndogo, uko salama. Hata hivyo fanya na jaribio lenyewe: vunja chembe ziwe nusu ya ukubwa, pima tena. Kasi isipopanda, endelea.

Hatua ya 5: Pima mapema, kabla koki haijaziba njia

Koki, masalia ya kaboni yanayoganda juu ya kichocheo, huanza kujengeka dakika ya kwanza. Alexis Voorhies alionyesha mwaka 1945 kwamba koki juu ya kichocheo cha kuvunja mafuta hukua kadiri ya t kwa kipeo kinachokaribia 0.5, maana yake nyingi huja mwanzoni. ZSM-5 huvumilia, kwa sababu njia zake ni nyembamba mno kwa pete kubwa za kaboni kujengeka ndani. Zeolaiti Y haina bahati hiyo: vyumba vyake vina nafasi ya kutosha kwa pete kadhaa kuungana, na zikishaungana hazipiti tena dirishani.

Chukua sampuli ya gesi kila baada ya dakika chache, chora ln k (k ni kima cha kasi, tazama hatua ya 6) dhidi ya muda, kisha rudisha mstari hadi muda sifuri. Namba ya muda sifuri ndiyo utakayotumia. Mteremko wa mstari nao uuhifadhi. Fuwele kubwa ikichoka haraka kuliko ndogo, ni dalili kwamba koki inaziba njia, si kwamba inafunika asidi pekee.

Hatua ya 6: Kokotoa kima cha kasi

Weka uvunjaji chini ya asilimia 10. Kwa mmenyuko wa daraja la kwanza kwenye kinu cha bomba:

k = (Q/V) × ln[1/(1 − X)]

Q ni mtiririko wa gesi kwa joto la mmenyuko, V ni ujazo wa zeolaiti yenyewe, X ni sehemu iliyovunjika. Msongamano wa ZSM-5 ni kama gramu 1.8 kwa sentimita ya ujazo, hivyo miligramu 50 ni sentimita za ujazo 0.0278. Tuseme mtiririko ni mililita 88 kwa dakika kwa nyuzi 25. Kwa Kelvini 811 unakuwa kama sentimita za ujazo 4 kwa sekunde, na Q/V ni 144 kwa sekunde.

Fuwele za mikromita 1 zikivunja asilimia 8, k = 144 × 0.0834 = 12 kwa sekunde. Fuwele za mikromita 10 zikivunja asilimia 2.1, k ni takriban 3. Asidi ni ileile, joto ni lilelile, molekuli ni ileile, na bado kasi imeshuka mara nne.

Hatua ya 7: Tatua namba ya Thiele

Hii ndiyo hatua inayolipa jasho la zile zilizotangulia. Ernest Thiele alichapisha wazo lake mwaka 1939: ndani ya chembe yenye vitundu, ukolezi hushuka kadiri unavyokwenda katikati, na kushuka huko kunategemea ulinganisho mmoja tu, kati ya kasi ya mmenyuko na kasi ya kusambaa. Kwa tufe lenye nusu kipenyo R, ambapo k ni kima cha kasi halisi na D ni kasi ya kusambaa ndani ya fuwele, andika

x = R √(k/D)

na sehemu ya fuwele inayofanya kazi ni

η = (3/x) × [coth x − 1/x]

Kwa x ndogo, η hukaribia 1: fuwele nzima inafanya kazi. Kwa x kubwa, η hukaribia 3/x: ganda la nje tu ndilo linalofanya kazi, na moyo wa fuwele umekaa bure.

Una vitu viwili usivyovijua, k halisi na D, na una vipimo viwili. Fuwele kubwa ina R mara kumi ya ndogo, kwa hiyo x yake nayo ni mara kumi. Uwiano wa kasi ulizopima ni uwiano wa η, maana k halisi ni moja. Kwenye lahajedwali weka x ya fuwele ndogo kwenye safu ya kwanza, η ya x kwenye ya pili, η ya 10x kwenye ya tatu, na uwiano wake kwenye ya nne. Utaona hivi:

x = 1.0, uwiano 3.5
x = 1.2, uwiano 4.0
x = 1.5, uwiano 4.7

Uwiano wetu ni 4, basi x ya fuwele ndogo ni 1.2 na ya kubwa ni 12. Kutoka hapo η ni 0.92 kwa ndogo na 0.23 kwa kubwa. Kasi halisi ni 12 ÷ 0.92, yaani 13 kwa sekunde. Fuwele kubwa inajibu vilevile: 3 ÷ 0.23 ni 13. Na D inatoka moja kwa moja: kR²/x², ambayo ni 13 × (0.5 × 10⁻⁶)² ÷ 1.44, karibu 2.3 × 10⁻¹² m²/s.

Angalia umbali kati ya namba hiyo na ile ya mapengo kati ya fuwele, 8.9 × 10⁻⁷. Molekuli ileile, joto lilelile, na kuna tofauti ya zaidi ya mara laki tatu. Ndani ya kitundu kinachobana hakuna tena kuruka kutoka ukuta hadi ukuta. Molekuli iko mikononi mwa kuta wakati wote, na kila hatua inadai nishati yake.

Kuna mtego katika D hii ambao lazima uujue. Tulihesabu k kwa ukolezi wa gesi nje ya fuwele. Kwa hiyo D tuliyopata imebeba ndani yake na kipimo cha unyonyaji, yaani ni mara ngapi ukolezi ndani ya zeolaiti unazidi ule wa gesi. Mtu aliyepima D kwa kutazama uzito wa fuwele ukiongezeka anapata D isiyo na kipimo hicho. Ukiziweka namba hizo mbili kwenye jedwali moja bila kuzisawazisha, zitatofautiana mno na utatafuta kosa la maabara lisilokuwepo. Andika daima D yako imejengwa juu ya ukolezi upi.

Ikiwa una sampuli moja tu na makadirio ya D kutoka kwingine, tumia kipimo cha Weisz na Prater cha mwaka 1954: kasi iliyopimwa mara R² gawanya kwa D mara ukolezi wa usoni. Kwa daraja la kwanza kinakuwa k iliyopimwa × R²/D. Chini ya 0.3 usiwe na wasiwasi. Katika mfano wetu fuwele kubwa inatoa 33, ndogo 1.3. Hata ile ndogo haiko safi kabisa, na η ya 0.92 ilishatuambia hivyo.

Hatua ya 8: Badilisha joto, lakini soma matokeo kwa uangalifu

Rudia vipimo kwa nyuzi 500. Tuseme nishati ya uamilishaji, yaani ile inayohitajika ili mmenyuko uanze, ni kilojuli 150 kwa moli. Kupanda kutoka nyuzi 500 hadi 538 kutaongeza kasi karibu mara tatu pale ambapo fuwele nzima inafanya kazi. Kwenye fuwele iliyobanwa, kasi inayopimwa hufuata kipeuo cha pili cha kD, kwa hiyo nishati inayoonekana ni nusu ya jumla ya nishati ya mmenyuko na ile ya kusambaa. Kama kusambaa kunadai kilojuli 30, utaona 90, na kasi itapanda karibu mara mbili tu.

Wengi huona nishati ndogo na kukimbilia kusema kuna kizuizi cha usambaaji. Ushahidi huo peke yake hautoshi. Alkani nyoofu, yaani hidrokaboni za aina ya heksani, zinapovunjika moja moja kwenye kituo cha asidi, nishati inayopimwa ni nishati ya mmenyuko wenyewe ukitoa joto la kunyonywa, na joto hilo huongezeka kadiri mnyororo unavyorefuka. Ndiyo sababu alkani ndefu huonyesha nishati ndogo kuliko fupi hata pale ambapo njia ni nyeupe. Nishati ikipungua kwenye fuwele kubwa na isipungue kwenye ndogo, kwa molekuli moja, hapo ndipo una hoja.

Hatua ya 9: Peleka matokeo kwenye mafuta mazito

Mtambo wa kuvunja mafuta kwa kichocheo kinachoelea, aina iliyoanza kazi Baton Rouge, Marekani, mwaka 1942 na kupokea zeolaiti miaka ya 1960, hutumia chembe za mikromita 70 hivi. Ndani ya kila chembe kuna fuwele za Y zenye ukubwa unaokaribia mikromita 1, zimeshikwa na udongo na alumina (oksidi ya alumini). Mafuta hukutana na kichocheo kwa sekunde chache tu, kwa nyuzi 500 hadi 550.

Molekuli nyingi za mafuta yanayochemka juu ya nyuzi 350 ni pana kuliko dirisha la nanomita 0.74. Kwao hakuna hesabu ya η itakayosaidia, kwa sababu hawaingii. Huvunjwa kwanza kwenye alumina inayozishika fuwele na kwenye uso wa nje wa fuwele, kisha vipande ndivyo vinavyoingia. Kwa hiyo usichukue k ya mafuta mazito yaliyochanganyika na kuiingiza kwenye fomula ya hatua ya 7. Mafuta ya namna hiyo huonekana kama ya daraja la pili, si kwa sababu molekuli mbili zinagongana, bali kwa kuwa zilizo rahisi kuvunjika hutangulia na ngumu hubaki nyuma.

Kinachohamishika kutoka maabara ni D na utambuzi wa ni molekuli zipi zinabanwa. Na matokeo yake makubwa hayaonekani kwenye kasi, yanaonekana kwenye bidhaa. Petroli ni bidhaa ya katikati: mafuta mazito huvunjika kuwa petroli, petroli nayo huvunjika kuwa gesi na kuacha koki. Petroli iliyozaliwa ndani kabisa ya fuwele kubwa inapaswa kupita vituo vingi vya asidi kabla ya kutoka, na kila kituo ni nafasi ya kuvunjwa tena. Kwa hiyo, unapolinganisha Y mbili, zilinganishe kwa kiwango kimoja cha uvunjaji. Ikiwa kwa asilimia ileile ya mafuta yaliyovunjika moja inatoa petroli kidogo, gesi kavu (gesi nyepesi kabisa) nyingi na koki nyingi, shuku njia kabla ya kushuku asidi.

Tiba ni mbili: kufupisha njia kwa fuwele ndogo, au kutoboa njia pana ndani ya fuwele kubwa kwa mvuke au kwa myeyusho wa sodiamu haidroksaidi. Kila moja ina gharama yake. Fuwele ndogo mno huvumilia vibaya mvuke wa chumba cha kuchomea koki, ambako joto hupita nyuzi 700. Kutoboa nako huondoa sehemu ya kuta zenye asidi. Baada ya tiba yoyote rudi hatua ya 2, hesabu vituo vya asidi upya, kisha upime kwa heksani na 2,2-dimethilibutani kwa pamoja. Kasi ya 2,2-dimethilibutani ikipanda na ya heksani ikabaki palepale, umefungua njia. Zikipanda zote kwa kiwango kimoja, umebadilisha asidi, na vitundu viko kama vilivyokuwa.